KIJANA APENDAYE KOMPYUTA NA FANI YA MAWASILIANO JESHINI



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapobandikwa, mwalimu hufuatwa na mwanafunzi mwenye swali moja. Huyo ni kijana ambaye ameshaifungua kompyuta ya mjomba wake mara mbili na kuirudishia bila msumari kubaki mezani. Hesabu anaiweza, lakini ada ya chuo haipo. Amesikia kwamba jeshi lina kikosi cha mawasiliano, na kwamba huko kompyuta zimejaa tele. Basi anauliza: akijiunga, atafundishwa kompyuta?

Watu wazima wengi hulijibu swali hilo kwa neno moja, ndiyo au hapana, kisha humwacha kijana aende zake. Lakini swali hilo lina miaka kadhaa ya ujana wa mtu ndani yake, na halifai kujibiwa kwa neno moja. Mfano utakaotumiwa hapa ni jeshi la nchi kavu la Marekani. Hilo si kwa sababu jeshi hilo ni la kuigwa. Masharti ya fani zake yamechapishwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Isitoshe, vijana waliozaliwa Kenya, Tanzania na Kongo na kuhamia kule ni miongoni mwa wanaoandikishwa, na ndugu zao walioko huku ndio wanaoombwa ushauri kwa simu usiku wa manane.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kijana huyo hakukosea alipounganisha mambo hayo mawili. Kompyuta na mawasiliano ya kijeshi ni ndugu wa damu. Mwaka 1860 Bunge la Marekani liliidhinisha cheo cha ofisa wa ishara, na aliyepewa cheo hicho hakuwa mpiganaji wa kujulikana bali daktari, Albert Myer. Huyu alikuwa amewahi kufanya kazi ya simu za maandishi katika ujana wake, na tasnifu yake ya udaktari ilihusu lugha ya ishara kwa viziwi. Alipokuwa daktari wa jeshi aliunda utaratibu wa kupelekeana habari kwa bendera moja ya kupungwa kushoto na kulia. Kwa maneno mengine, alizigeuza herufi kuwa alama chache zinazorudiwarudiwa, na kompyuta ya leo haifanyi jambo lililo mbali sana na hilo.

Ukoo huo ulionekana wazi zaidi katika Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilihitaji mashine ya kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa makao makuu ya jeshi la Ujerumani. Aliyeitengeneza, Tommy Flowers, alikuwa mtoto wa mwashi wa London Mashariki na mhandisi wa simu katika shirika la Posta. Wenye elimu kubwa walimwambia kwamba mashine yenye valvu nyingi kiasi hicho itaharibika kila saa. Flowers alijua kutokana na kazi yake ya simu kwamba valvu hufa hasa zinapowashwa na kuzimwa. Zikiachwa zinawaka, hudumu. Mashine yake, Colossus, yenye valvu zipatazo 1,600, ilianza kazi Februari 1944. Baada ya miaka miwili Wamarekani nao wakaitangaza yao, ENIAC, iliyojengwa huko Philadelphia kwa fedha za jeshi lililotaka majedwali ya kulengea mizinga. Hiyo ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na uzito wa tani 30 hivi. Na mwaka 1969 ilikuwa ni fedha ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliyounganisha kompyuta za vyuo kwa waya, na hapo ndipo mizizi ya intaneti ilipo.

Hata pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, ingawa shuleni haifundishwi. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo mwezi Aprili 1942, Waingereza waliihamishia Kilindini, Mombasa, ofisi yao ya kusikiliza na kufumbua ujumbe wa wanamaji wa Kijapani. Ofisi hiyo iliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram. Mawimbi ya redio yalifika hapo yakiwa hafifu mno, na kazi ilikuwa ngumu. Hata hivyo, Novemba 1942 waliifumbua lugha ya siri iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Njia ilifunguliwa na uzembe wa mtuma ujumbe wa upande wa pili: aliutuma ujumbe, akagundua kasoro, akautuma tena ukiwa na nyongeza kwa ufunguo uleule wa siri. Baada ya hapo kilichohitajika ni subira ya watu waliokaa na karatasi mbili mbele yao. Walimu wa hesabu wanaweza kuitumia habari hiyo darasani siku ambayo wanafunzi wanasinzia.

Hadi hapo kijana yuko sahihi. Kosa lake linaanza anapodhani kwamba neno "mawasiliano" katika orodha ya fani za jeshi lina maana moja. Katika jeshi la Marekani kila kazi ya askari ina namba na herufi. Fani za mawasiliano zimekusanywa chini ya namba 25. Ndani ya namba hiyo kwa miaka mingi wamekuwamo watu wa setilaiti, watu wa minara ya kurushia mawimbi, watu wa nyaya, watu wa redio za kubebwa mgongoni, na watu wa kompyuta hasa, ambao namba yao ni 25B. Kisha, Septemba 2014, jeshi lilianzisha tawi jingine kabisa kwa ajili ya vita vya mitandaoni, lenye namba 17, na askari wa kawaida wa tawi hilo huitwa 17C. Namba nyingine zimeunganishwa na kufutwa katika miaka ya karibuni, na mzee aliyetoka jeshini mwaka 2010 asiwe ndiye mshauri pekee wa kijana anayeingia leo.

Ukimwambia kijana kwamba fani zote hizo ni "mambo ya kompyuta", hujasema uongo, kwa maana kompyuta haikosekani popote. Lakini maisha yake yatakuwa mbalimbali kabisa. Mtu wa mnara atajua zaidi habari za jenereta, mafuta, nguzo za kusimikwa ardhini na kamba za kuzuia mlingoti usianguke kwa upepo. Mtu wa redio atabeba redio, betri zake na bunduki, na atatembea walipo askari wa miguu kwa sababu kamanda hawezi kuamuru asichoweza kukisema. Hizo ni kazi za heshima, na betri iliyosahauliwa kambini imewahi kuigharimu kombania kuliko ilivyofikiriwa. Ila mwenye ndoto ya kuandika programu akijikuta humo kwa kutojua, atakaa miaka minne akinung'unika, na askari anayenung'unika hamfai mtu, wala yeye mwenyewe hajifai.

Hata huyo wa 25B, aliyepata fani aliyoitaka, hajamaliza safari. Baada ya wiki kumi za ukuruta, kwata na shabaha, hupelekwa Fort Gordon katika jimbo la Georgia, ambako mafunzo ya fani yake huchukua kama wiki 20. (Kambi hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2023 ikaitwa Fort Eisenhower, na mwaka 2025 ikarudishiwa la zamani, ila mara hii Gordon anayeheshimiwa ni askari aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993.) Huko hufundishwa namna ya kuunganisha mtandao, kuiendesha seva, kutunza orodha ya watumiaji na kuilinda mitambo isiingiliwe. Kisha hupangiwa kikosi, na hapo ndipo bahati inapoingia.

Akipangiwa kituo kikubwa cha mitambo, atakaa na mafundi wa kiraia waliobobea na kwa miaka mitatu ataona matatizo ambayo mtu wa kampuni ndogo hayaoni katika miaka kumi. Akipangiwa batalioni ya askari wa miguu, atakuwa mmoja wa watu wachache katika ofisi ya mawasiliano, na kazi yake kubwa asubuhi hadi jioni itakuwa kumrudishia meja neno la siri alilolisahau, kubadilisha wino wa mashine ya kuchapia, na kumweleza sajenti kwamba kompyuta haikuharibika bali haikuchomekwa. Jumatatu atakuwa uani kwenye magari kama askari wengine wote, akipima mafuta ya injini. Wakati wa luteka atalala ndani ya hema pamoja na seva yake, na vumbi litaingia katika vyote viwili. Mtu aliyezoea ofisi za serikali hatashangazwa na habari hiyo; ofisi ni ofisi hata ikivaa magwanda. Lakini kijana wa miaka 18 ambaye picha aliyoonyeshwa ilikuwa ya chumba chenye giza na skrini kumi atashangaa sana, na atasema amedanganywa.

Je, amedanganywa? Wakati mwingine ndiyo, ila mara nyingi hakusoma. Mwandikishaji wa askari nchini Marekani ana idadi anayotakiwa kuileta, na idadi hiyo haina huruma. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lilitaka watu 60,000 likakosa kama 15,000. Mtu anayedaiwa idadi hasemi uongo mkubwa. Anachofanya ni kuacha kusema. Kijana akimwambia "napenda kompyuta", naye akamjibu kwamba nafasi ya mawasiliano ipo, tayari wote wawili wamesema kweli na wote wawili wamemaanisha vitu tofauti. Mkataba wenyewe, ile hati namba 4 ya Wizara ya Ulinzi, unaeleza wazi kwamba ahadi isiyoandikwa ndani yake au katika viambatisho vyake haitatimizwa. Sentensi hiyo ipo katika karatasi ambayo kijana hutia sahihi akiwa amekwisha waaga wazazi. Na muda anaofungwa nao kwa jumla ni miaka minane, hata kama ya utumishi wa kila siku ni mitatu au minne, kwa kuwa iliyobaki hubaki katika akiba na anaweza kuitwa.

Hapo mwalimu ana kazi. Namba ya fani, ikiwa na herufi yake, hapana budi ionekane katika mkataba. Ikiwa nafasi ya fani hiyo haipo siku hiyo, kijana anaweza kurudi nyumbani na kungoja mwezi mwingine. Hakuna sheria inayomlazimisha kuchukua nyingine kwa sababu tu amekwisha kupimwa macho na kifua. Vijana wengi hawalijui jambo hilo dogo, na kutolijua kumewafanya wapishi watu waliokuja kutafuta kompyuta.

Kuna jambo jingine linalowahusu walimu zaidi. Mlango wa fani hizo hufunguliwa na mtihani, na mtihani huo una alama za makundi. Kundi linalotazamwa kwa fani ya 25B huitwa alama za ufundi, na kima chake cha chini kimekuwa 95. Kwa 17C ni 112, pamoja na alama 110 katika kundi la uwezo wa jumla. Sasa, alama za ufundi hujumlishwa kutokana na nini? Sayansi ya jumla, ufahamu wa lugha, maarifa ya hesabu, na uelewa wa mashine za kawaida kama nyenzo, kapi na gia. Katika jumla hiyo kompyuta haihesabiwi kabisa. Kijana aliyetumia miaka mitatu akicheza michezo ya kompyuta, akaidharau aljebra na kuona kusoma insha ni kazi ya wasichana, atashindwa mlangoni na mwenzake ambaye hajawahi kuimiliki kompyuta bali aliifanya kazi yake ya nyumbani. Ipo haki fulani katika jambo hilo.

Kwa vijana waliotoka Afrika Mashariki na Kongo kizuizi kikubwa kiko kwingine, na hakisemwi mapema. Ni upekuzi. Watumishi wa umma wanalijua neno hilo vizuri. Askari anayeshika mitambo yenye habari za siri lazima apekuliwe: ameishi wapi katika miaka kumi iliyopita, ana madeni gani, ndugu zake wa nje ya nchi ni akina nani, aliwahi kutumia dawa za kulevya au la. Fani ya 25B huhitaji kibali cha siri. Ile ya 17C huhitaji kibali cha juu kabisa. Na kibali hicho hutolewa kwa raia. Sheria ya Marekani inamruhusu mkaazi wa kudumu, mwenye ile kadi wanayoiita grinikadi, kuingia jeshini na hata kufa vitani. Haimruhusu kushika mitambo ya siri kabla hajawa raia. Kwa hiyo kijana wa Mombasa au Bukavu aliyefika huko miaka miwili iliyopita, mwenye alama nzuri kuliko wenzake wote, ataonyeshwa orodha ya fani ambayo kompyuta zimekwisha kuondolewa ndani yake: lori, jiko, bohari, mafuta.

Dawa ipo, lakini ni ya polepole. Kwa amri ya rais ya Julai 2002, askari waliotumikia tangu Septemba 11, 2001 wanaweza kuomba uraia bila kungoja miaka ambayo raia wengine wa baadaye huingoja. Akishaupata, askari anaweza kuomba kubadilishiwa fani muda wake wa kuongeza mkataba unapofika. Anaweza kuomba, kukubaliwa ni jambo jingine, kwani kunategemea kama fani anayoitoka imepungukiwa watu. Mwaka 2009 ulianzishwa pia mpango wa kuwaandikisha wageni wasio na ukaazi wa kudumu ikiwa wana ujuzi wa utabibu au wanazijua lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Wako waliopata uraia kwa njia hiyo mara walipomaliza ukuruta. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016, na baadhi ya waliokwisha kutia sahihi walikaa miaka wakingoja upekuzi ambao haukuisha. Anayesikia leo kwamba Kiswahili chake kitamwingiza jeshini kwa njia ile anasikia habari ya zamani.

Katika hali hiyo, mtu anaweza kuuliza kwa nini kijana asiende tu chuoni. Jibu la kweli ni kwamba kama ada ipo, na kama anachokipenda hasa ni kuandika programu, aende chuoni. Jeshi halifundishi sana kuandika programu. Linafundisha kuendesha na kulinda kilichoandikwa na wengine. Lakini kama ada haipo, hesabu hubadilika. Kwa sheria iliyoanza kutumika Agosti 2009, askari wa Marekani aliyetumikia miezi 36 hulipiwa karo yote ya chuo cha umma cha jimbo lake, kwa muda wa miezi 36 ya masomo, pamoja na posho ya nyumba. Isitoshe, kuanzia mwaka 2005 wizara yao ilitaka wanaoshika mitambo ya mtandao wa jeshi wawe na vyeti vinavyotambulikana nje ya jeshi, na mara nyingi jeshi ndilo lililovilipia. Askari anayetoka akiwa na vyeti hivyo, rekodi safi ya upekuzi na haki ya kusoma bure hayuko mahali alipokuwa alipoingia. Ametoa kwa ajili hiyo miaka yake, goti lake labda, na uhuru wa kuchagua pa kulala. Hiyo ndiyo bei, na yafaa itajwe pamoja na bidhaa.

Wengine watauliza haya yanaihusu nini Tanzania, nchi ambayo mwaka 1974 serikali yake ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya ile ya Hazina kuleta hasara na vurugu katika hesabu. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na leo hakuna afisa mhasibu anayefanya kazi bila mashine hiyo. Lakini waliopiga marufuku hawakuwa wajinga. Waliona mashine iliyonunuliwa kabla ya kupatikana watu wa kuielewa, na wakakasirika. Kijana anayeuliza swali lake kwa mwalimu wa Tabora au Lindi ni mmoja wa watu waliokosekana wakati ule. Anapotaka kujiunga na jeshi la nchi yake, au shirika la simu, au chuo, maswali ya kuuliza ni yaleyale: fani inaitwaje hasa, mafunzo ni ya muda gani, nani atanipangia kituo, cheti kitatambuliwa wapi, na ni ahadi ipi kati ya hizo iliyoandikwa.

Basi akija, mwalimu amwombe akae chini kwanza. Amwulize ni kitu gani cha kompyuta anachokipenda: kuifungua, kuiunganisha na nyingine, au kuiamuru ifanye jambo jipya. Kijana atababaika, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Amwache ababaike, hata kama kengele ya kipindi kijacho imekwisha kulia.